Nguo za Mabinti: Ni Nani Aliyezikata?

Mara nyingi baada ya arusi au sikukuu hapa Kolwezi twasikia wazee wakinung'unika: "Mabinti wa leo watembea uchi! Zamani haikuwa hivi." Neno la wazee tusilicheke, lakini pia tusilipokee bila kulipima. Maana hiyo "zamani" ndiyo ipi?

Zamani za mababu, kabla vitambaa vya viwandani havijafika nchi hizi, watu walivaa ngozi, magome ya miti yaliyopondwa na nguo za nyuzi za mwale. Mama aliyeacha kifua wazi hakuitwa mhuni; alikuwa mama wa watu, mwenye heshima yake. Kisha wakaja wachuuzi wa pwani na merikani na kaniki. Msiri, mfalme wa Bunkeya aliyeuawa mwaka 1891, alitoa shaba na pembe, akapokea bunduki na vitambaa. Tangu hapo nguo ikawa mali, na mwenye nguo ndefu akaonekana tajiri.

Mwaka 1906 ikaanzishwa Union Minière du Haut-Katanga. Kwanza iliajiri wanaume peke yao. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 ikaanza kuwataka wakae kambini na wake zao. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937. Katika kambi hizo akina mama walifundishwa na mamasista na mabibi wa Kizungu kupika, kulea na kushona. Blauzi na kikwembe kiunoni yakawa mavazi ya mama mwenye adabu. Na kile kitambaa cha waksi chatoka wapi? Waholanzi waliiga batiki ya Java. Nyumba ya Vlisco ilianzishwa Helmond mwaka 1846. Basi tazameni, ndugu: yale tuyaitayo mavazi ya asili yalivuka bahari mbili kabla ya kutufikia.

Katika miaka ya 1960 sketi fupi ikatoka London, ikaenea upesi kwa magazeti, sinema na muziki. Wakubwa wa Afrika wakashtuka. Mwezi wa Oktoba 1968 vijana wa chama cha TANU, Tanzania, walitangaza Operesheni Vijana, ya kukataza sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi. Ilikuwa ianze tarehe 1 Januari 1969, lakini hata kabla ya siku hiyo makundi ya vijana yaliwashambulia wasichana barabarani Dar es Salaam. Kwetu Mobutu akaleta siasa yake ya uhalisi. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa. Wanaume wakavaa abakosti. Wanawake wakakatazwa suruali, sketi fupi na wigi, wakaambiwa wavae kikwembe. Ndiyo kusema, uhalisi wa Mwafrika ulivishwa kitambaa cha Java na Uholanzi!

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akaruhusu vyama vingi, na amri za mavazi nazo zikalegea. Mwezi wa Septemba mwaka uleule mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na Gécamines ikaendelea kuanguka. Mshahara ulipokatika, ni nani angenunua kikwembe kipya na kumlipa fundi? Nguo za mitumba zikajaa sokoni. Mara nyingi binti alitazama bei kwanza, urefu baadaye.

Huko Marekani nako kuna jambo la namna hii. Waairishi waliohamia huko karne ya 19 walipeleka desturi za mkesha wa Watakatifu Wote, tarehe 31 Oktoba. Watoto wakajivika kama mizuka, wakaomba peremende nyumba kwa nyumba. Tangu miaka ya 1970 watu wazima nao wakaingia kwa wingi katika mchezo. Gwaride la Greenwich Village, New York, lilianza mwaka 1974. Wenye maduka wakaona soko. Leo msichana akitafuta vazi la muuguzi, la askari au la mchawi, aletewa lililofupishwa na kubanwa. La kaka yake labaki refu. Wengine walivaa kwa kuwa ndilo lililopo, wengine kwa kuwa wenzao wamevaa, wengine kwa kuwa usiku huo mmoja hawasemwi.

Basi twaona ya kuwa nguo ya binti hukatwa na mikono mingi: mchuuzi, mtawala, rafiki, na umaskini wa nyumbani. Lakini lawama yote huangukia kichwa cha binti. Mwezi wa Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana kwa sababu wanaume walimvua mwenzao nguo hadharani, wakidai amevaa vibaya. Ni heshima gani hiyo imtetewayo mtu kwa kumvua nguo?

Baba na mama, mshaurini binti yenu kwa upole, wala msisahau kumfundisha mwana wa kiume kuyatawala macho yake na mikono yake. Na mkimwona binti akiosha mawe ya shaba mtoni, amekunja kikwembe hadi magotini ili nyumbani wapate bukari, msianze kwa kupima kikwembe. Anzeni kwa kuuliza kwa nini yumo majini.