Kifurushi Kiitwacho libssl

Katika insha hii nataka kusimulia habari za kifurushi kimoja cha programu ambacho wengi wetu tumekitumia kwa miaka mingi bila kukijua hata jina. Kinaitwa libssl. Hakina dirisha la kufungua wala kitufe cha kubonyeza. Kazi yake ni kukaa kimya ndani ya kompyuta ya Linux na kuzisaidia programu nyingine zizungumze kwa siri katika mtandao: seva ya barua pepe, seva ya tovuti, na kadhalika. Mafundi huiita programu ya namna hii maktaba, nami nitaliacha neno hilo kama lilivyo, ijapokuwa hapa hakuna rafu wala kitabu. Ni mkusanyo wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo programu nyingine huyaazima badala ya kila moja kujiandikia yake upya.

Sasa linakuja swali ambalo msomaji anaweza kulidharau. Maktaba hiyo ikae wapi? Kila programu ibebe nakala yake tumboni, au nakala moja itengwe, ifungwe katika kifurushi chake peke yake, na programu zote za mashine ile zije kuteka hapo? Tofauti yake ni kama ya mtaa ambao kila nyumba ina pipa lake la maji na mtaa wenye kisima kimoja. Pipa likiingia uchafu huugua nyumba moja, lakini mtu wa afya akija kukagua itambidi abishe hodi kila mlango. Kisima hukaguliwa mara moja. Ila kikiingia sumu, mtaa mzima huinywa.

Debian, mkusanyo wa Linux ulioanzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, ulichagua kisima. Kwa desturi yao kila kifurushi kina mtunzaji wake, mtu wa kujitolea ambaye mara nyingi si mwandishi wa programu yenyewe. Huichukua kazi ya mwandishi, huitengeneza ipatane na vifurushi vingine, huitia sahihi yake na kuipeleka katika hazina kuu. Maktaba hutengwa na programu zinazoitumia, na jina la kifurushi hubeba namba: libssl0.9.8, libssl1.0.0, libssl1.1. Namba hiyo si pambo. Ndiyo inayowezesha maktaba ya zamani na mpya kukaa pamoja katika mashine moja mpaka programu ya mwisho itakapohama.

Maktaba yenyewe ilizaliwa Australia mwaka 1995, kazi ya Eric Young na Tim Hudson, ikiitwa SSLeay. Kuzaliwa kwake nje ya Marekani kulikuwa na maana kubwa, kwa sababu sheria za Marekani za wakati huo ziliichukulia programu ya kuficha siri kama silaha, na kuisafirisha nje bila kibali lilikuwa kosa. Wenyewe wawili walipoajiriwa na kampuni na kuiacha, watu wengine waliirithi, na Desemba 1998 ikatoka kwa jina jipya la OpenSSL.

Sheria ile iliwafanya watu wa Debian waitenge maktaba hii mara mbili. Kwanza ilitengwa na programu nyingine, kama maktaba zote. Kisha ilitengwa na Marekani yenyewe: kulikuwa na hazina ya pembeni iitwayo non-US, iliyowekwa katika seva zilizo nje ya nchi hiyo, ili kitu kisiingie Marekani halafu kikahesabiwa kuwa kimesafirishwa kutoka huko. Mtu yeyote, awe Nairobi au Berlin, ilimpasa kuongeza mstari mmoja zaidi katika orodha ya mahali pa kuchukulia vifurushi. Marekani ililegeza masharti hayo Januari 2000, na toleo la Debian liitwalo Woody, la Julai 2002, ndilo la kwanza kuziingiza programu za kuficha siri katika hazina kuu.

Kulikuwa na kikwazo kingine, cha leseni, nacho nitakipitia upesi maana kinachosha hata wanasheria. Leseni ya OpenSSL ilidai waliotengeneza maktaba watajwe katika tangazo lolote linalozungumzia sifa zake. Leseni ya GPL, inayotumiwa na programu nyingi za Linux, hairuhusu sharti la nyongeza kama hilo. Hivyo programu ya GPL haikuweza kusambazwa ikiwa imefungamanishwa na libssl mpaka mwandishi wake atoe ruhusa ya pekee kwa maandishi. Ndiyo maana libcurl, maktaba ya kuleta mafaili kutoka mtandaoni iliyotengenezwa na Daniel Stenberg wa Sweden, ilifungwa katika Debian zaidi ya mara moja: kifurushi kimoja cha kutumia OpenSSL na kingine cha kutumia GnuTLS. Watu wazima walitumia miaka kubishana juu ya sentensi moja ya matangazo. OpenSSL 3.0 ilipotoka Septemba 2021 ilikuja na leseni ya Apache, na sharti hilo likaondoka.

Nirudi nyuma mwaka 2006, kwenye jambo lililonifanya nianze kufikiri juu ya kifurushi hiki. Kuna chombo cha mafundi cha kukagua programu, nacho kilikuwa kikilalamika kwamba OpenSSL inasoma sehemu za kumbukumbu ambazo bado hazijaandikwa kitu. Mtunzaji wa kifurushi aliuliza kwa watengenezaji kama mistari inayohusika inaweza kuondolewa, na jibu alilopata halikumzuia. Akaiondoa mistari miwili. Mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza takriban nasibu yote ambayo funguo za siri hutengenezewa. Kilichobaki kikitofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ambayo Linux huipa kila programu inayoendeshwa, na namba hizo kwa kawaida hazikuzidi 32,768. Ufunguo uliotakiwa uwe mmoja kati ya idadi isiyohesabika ukawa mmoja katika orodha ambayo kompyuta ya kawaida ingeweza kuipitia yote.

Kifurushi hicho kiliingia hazinani Septemba 2006. Kasoro iligunduliwa na Luciano Bello wa Argentina, na kutangazwa tarehe 13 Mei 2008. Katika kipindi hicho cha miezi ishirini, kila aliyetengeneza ufunguo katika Debian yenye kifurushi hicho, au katika Ubuntu inayotokana na Debian, alikuwa na mlango usio na kitasa bila kujua.

Wakati huo nilikuwa nikitunza seva nne za ofisi moja mjini Dar es Salaam. Intaneti yetu ilikuja kwa setilaiti, kwani waya wa SEACOM wa chini ya bahari ulifika pwani yetu Julai 2009, na kila megabaiti tuliilipia kwa uchungu. Katika hali hiyo nilikiona kisima kwa macho mawili. Tiba ilikuwa kifurushi kidogo, kikaja siku ileile, na programu zote za seva zile zikapona pamoja bila mimi kupakua hata moja yake upya. Lakini funguo zilizokwisha kutengenezwa hazikupona. Kibaya zaidi, ufunguo wa aina ya DSA uliotengenezwa vizuri mahali pengine, ukatumiwa tu kutia sahihi ndani ya mashine yenye kasoro, nao ulihesabiwa umevuja.

Mhasibu wetu, mama mtu mzima, alichoka na usumbufu wangu. "Mwanangu," akaniuliza, "si umesema mmeshatengeneza? Mbona unadai na funguo zetu?"

"Kitasa ni kizima, mama," nikamjibu. "Funguo ndizo zilizochongwa zote kwa mfano mmoja."

"Basi aliyechonga mnamjua?"

Swali hilo sikulijibu vizuri, na bado naliona ni swali lenyewe hasa. Jina la mtunzaji lilikuwepo, limeandikwa katika kifurushi, wala hakujificha. Mabadiliko yake yalikuwa wazi kwa yeyote wa kuyasoma, miezi yote ishirini. Baada ya hapo wapo waliosema kwamba mfungaji vifurushi hana haki ya kugusa kazi ya mwandishi, na kwamba kila programu ingekuwa na nakala yake, kosa lisingeenea hivyo. Nusu ya kwanza ya hoja yao naikubali, walau kwa maktaba za siri. Nusu ya pili siikubali. Machi 2002 kasoro ilipoonekana katika zlib, maktaba ya kubana data, mafundi walilazimika kuwinda programu moja moja zilizokuwa zimeimeza nakala yake. Kanuni za Debian huwataka watunzaji waepuke nakala za namna hiyo.

Tarehe 7 Aprili 2014 ulitangazwa ugonjwa mwingine wa OpenSSL, uitwao Heartbleed. Safari hii kasoro ilitoka kwa watengenezaji wenyewe, ikiwamo tangu toleo la 1.0.1 la Machi 2012, na ilimwezesha mtu wa mbali kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva. Debian ilitoa kifurushi kilichorekebishwa siku ileile. Waliokuwa na vifaa vyenye nakala ndani walisubiri kila kiwanda kwa wakati wake. Ndipo dunia ilipojua kwamba maktaba iliyobeba sehemu kubwa ya siri za intaneti ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeifanyia kazi muda wote. Mimi hilo lilinitisha kuliko kasoro yenyewe. Tulikuwa tumehangaika na kisima kichimbwe wapi, na mchimbaji hatukumuuliza amekula nini.

Siku hizi upepo umegeuka tena, na programu nyingi huandikwa kwa lugha zinazozifunga maktaba zote ndani ya faili moja. Ni rahisi kwa mwandishi. Mtunza seva ndiye anayebisha hodi kila mlango.

Kifurushi chetu bado kipo. Katika Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, kinaitwa libssl3t64. Herufi na namba za mwisho zinahusu saa ya kompyuta: katika mashine za biti 32, namba ya kuhesabia sekunde ingejaa tarehe 19 Januari 2038, kwa hiyo imepanuliwa kuwa ya biti 64, na vifurushi vya maktaba zilizoguswa vikapewa majina mapya, hata katika mashine ambazo hazikuwa na shida hiyo.