Hodi Isiyoitikiwa

Ndege zinazotua Dar es Salaam huchaguliwa njia na upepo. Kaskazi ikivuma, hushuka kwa upande wa Pugu. Kusi ikishika, nyingi huja kwa upande wa bahari na kukatiza juu ya mji, zikiwa zimebakiza kilomita nane au tisa kufika uwanjani. Aliyeko Jangwani, bondeni mwa Msimbazi kati ya Magomeni na Kariakoo, huziona zikipita kwenye mita mia nne na kitu juu ya mabati, tairi tayari nje, mwendo ule ule, mteremko ule ule, kama zinateleza kwenye waya. Utulivu huo ndio uliozaa usemi wa vijiweni kwamba ndege siku hizi inajiendesha yenyewe, rubani kazi yake ni kunywa kahawa.

Usemi huo una nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki imeua watu, wakiwemo watu wa kwetu.

Kinachoitwa kwa jumla "kompyuta ya ndege" ni wafanyakazi watatu tofauti. Wa kwanza unaweza kumwelewa kwa kulitazama Fuso likirudi nyuma kwenye mtaa wa Kariakoo uliojaa meza za wamachinga. Dereva yuko kwenye usukani, nyuma haoni kitu. Utingo amesimama barabarani: rudi, rudi, kata kulia, weka sawa, njoo. Utingo hashiki usukani. Anaona, anapiga hesabu, anaelekeza. Dereva asipokata, gari halikati.

Kwenye ndege ya abiria utingo huyo anaitwa flaiti dairekta. Kwa kawaida ni vijiti viwili vya rangi kwenye kioo kilicho mbele ya rubani, kimoja kimelala na kingine kimesimama. Rubani ameshaiambia kompyuta anataka uelekeo gani na kimo gani. Kompyuta inalinganisha anachotaka na mahali ndege ilipo, kisha vijiti vinaonyesha: inua pua, shusha pua, laza bawa la kushoto, sawazisha. Rubani akivifuata hadi vikae katikati, ndege inakwenda inakotakiwa. Asipovifuata, vitaendelea kuelekeza tu, kwa sababu havina mikono.

Mwenye mikono ni otopailoti. Inachukua hesabu ile ile ya utingo na kuitekeleza yenyewe, kwa mitambo inayosukuma vibao vya mabawa na vya mkia. Wa tatu ni ototrotoli, mkanyaga mafuta. Hii husogeza mikono ya nguvu za injini ili kulinda mwendo uliopangwa, au kushikilia kiasi fulani cha nguvu, kwa mfano kile cha kuruka. Ndege ikiinua pua bila kuongezewa nguvu, mwendo unapungua. Ikishusha pua nguvu zikiwa zile zile, mwendo unapanda. Kwa hiyo mshika usukani na mkanyaga mafuta hawana budi kuelewana.

Jambo ambalo watu wa vijiweni hawalijui ni kwamba watatu hawa huwashwa mmoja mmoja. Utingo anaweza kuwa kazini huku usukani hauna mtu. Mkanyaga mafuta anaweza kuzimwa na mshika usukani akabaki. Juu ya kioo cha rubani kuna maandishi madogo yanayotaja nani yuko kazini kwa sasa na amepewa kazi gani, na marubani hufundishwa kuyasoma kwa sauti kila yanapobadilika, mwenzake aitikie.

Historia ya mitambo hii imeanzia kwenye pia. Mtoto yeyote aliyewahi kuizungusha pia anajua kwamba ikikolea mzunguko haikubali kulala, uisukume, itajirudisha. Mmarekani Elmer Sperry alijenga mashine juu ya tabia hiyo, na mwanawe Lawrence akaifunga kwenye ndege: pia inajua kulipo wima, na ndege ikilala, mitambo inavuta vibao kuirudisha. Tarehe 18 Juni 1914, juu ya Mto Seine karibu na Paris, Lawrence alipita mbele ya waamuzi ameinua mikono yote miwili huku fundi wake, Emil Cachin, akitembea juu ya bawa. Ndege haikuyumba. Mwaka 1933 Wiley Post aliizunguka dunia peke yake kwa siku saba na saa 18, akisaidiwa na mashine ya Sperry. Mwaka 1965, huko London, ndege aina ya Trident iliyobeba abiria iligusa lami kwa kuongozwa na otopailoti.

Lakini hata mashine ya kutua inahitaji kujibiwa na ardhi. Inafuata mawimbi ya redio yanayorushwa na mitambo iliyoko uwanjani, na mahali pasipo na mitambo hiyo haina cha kufuata. Bukoba hapakuwa nayo asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilipoangukia ziwani na kuua watu 19 kati ya 43. ATR ya aina ile haina hata ototrotoli. Kwenye viwanja vya namna hiyo, hatua za mwisho ni za macho na mikono ya binadamu.

Mashine zilipozidi uwezo, watu walipungua. East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanganyika, ilipokea Comet zake za kwanza mwaka 1960, na Super VC10 kuanzia 1966. Katika safari ndefu, chumba cha mbele cha ndege hizo kilikuwa na marubani wawili, mhandisi wa injini, na navigeta wa kupiga hesabu za njia. Mwaka 1977 shirika hilo lilikufa pamoja na Jumuiya. Air Tanzania ilianzishwa Machi mwaka huo huo, na mwaka uliofuata ikapata Boeing 737, ndege iliyobuniwa tangu mwanzo kwa watu wawili tu mbele. Kazi za wale wengine zilibebwa na vifaa. Vifaa hivyo vilizifanya vizuri kweli. Ndege za leo ni salama kuliko za enzi ya Comet. Ila kifaa hakigeuki kumuuliza kapteni, "Mzee, umesemaje?"

Hapo ndipo kisa cha Douala kinapotuhusu.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, shirika lililonunua asilimia 49 ya Precision Air mwaka 2003, ilikuwa Douala, Kameruni, ikitoka Abidjan kwenda Nairobi. Ndege yenyewe haikuwa imetimiza hata mwaka tangu itoke kiwandani. Njia kama hiyo, ya Afrika Magharibi kupitia Nairobi, ilikuwa ikiwapeleka wafanyabiashara Dubai na Uchina, watu ambao mtu wa Kariakoo akikaa nao foleni moja angewatambua kwa mabegi yao. Ndani walikuwemo watu 114. Kapteni alikuwa na miaka 52, rubani msaidizi 23. Mvua kubwa ya radi iliwachelewesha, na walipoona nafuu kidogo waliruka, muda mfupi baada ya saa sita usiku.

Baada ya kuruka, ndege ilikuwa na tabia ndogo ya kulalia kulia. Si hitilafu ya kutisha. Kapteni aliirekebisha kwa usukani kama dereva anavyorekebisha gari linalovuta upande mmoja. Kisha akatamka neno moja: "Command." Ndilo jina la kitufe cha otopailoti kwenye Boeing, na kwa utaratibu likitamkwa, kitufe kinabonyezwa, maandishi kwenye kioo yanabadilika, na mwenzake anathibitisha kwa sauti.

Hakuna aliyethibitisha. Kitufe hakikuwa kimebonyezwa.

Kwetu kila mtoto anafundishwa kanuni ya hodi. Unapiga hodi, unasubiri "karibu". Ukikosa jibu unarudia, na baada ya ya tatu unaondoka. Huingii kwa sababu tu umeita. Hodi peke yake ni nusu ya tendo. Nusu ya pili iko kinywani mwa mwenye nyumba. Usiku ule, hodi ilipigwa mara moja, na aliyepiga akaendelea kana kwamba mlango umefunguliwa.

Kinasa taarifa cha ndege kilionyesha kwamba kwa takriban sekunde 55 usukani haukuguswa, si na mtu wala na mashine. Ndege ilianza kulalia kulia polepole. Ulalo wa polepole ndio mbaya zaidi, maana sikio la binadamu, ambalo ndilo pia yetu ya kuzaliwa, hupima kwa umajimaji ulio ndani yake, na umajimaji huo hauhisi mzunguko wa taratibu. Nje kulikuwa giza tupu, bila taa za mji wala mstari wa upeo. Vioo vilivyo mbele yao vilionyesha ulalo ule wakati wote, lakini kila mmoja aliamini kuna mwingine anayeangalia.

Ndege ilipokaribia nyuzi 35, king'ora kilipiga kelele: ulalo! Kapteni alishtuka na kushika usukani, akaukata kulia, upande ule ule ndege ilikokuwa ikianguka. Kisha kushoto, kisha kulia tena. Ulalo ulipofika kama nyuzi 50, otopailoti ikawashwa, sasa katikati ya mvutano, mikono na miguu ya mtu ikiwa bado inasukuma. Rubani msaidizi alianza kwa kutaja kulia, akajisahihisha: kushoto, kapteni, kushoto. Ulikuwa ushauri sahihi uliochelewa. Ndege iliangukia kwenye matope ya mikoko, kilomita tano na kitu kutoka mwisho wa uwanja. Mabaki yalipatikana baada ya karibu siku mbili. Hakupona hata mmoja.

Ripoti ya Kameruni, iliyotolewa mwaka 2010, ilisema marubani walipoteza fahamu ya uelekeo baada ya ulalo mrefu wa polepole ambao hakuna aliyeutazama kwenye vioo. Ikaongeza mambo yaliyochangia: kutoelewana chumbani na mkanganyiko wa matumizi ya otopailoti. Mashine haikuharibika. Ilisubiri kuitwa vizuri.

Ni rahisi kumlaumu kijana aliyenyamaza. Ila fikiria umekaa kando ya mtu wa rika la baba yako, mwenye saa nyingi angani kukuzidi mara kumi, katika utamaduni ambapo mkubwa akinena mdogo husikiliza. Wataalamu wa usafiri wa anga wamekuwa wakipambana na ukimya huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na si Afrika peke yake: mwaka 1972, karibu na Miami, marubani wa Kimarekani walishughulikia taa iliyoungua bila kujua kwamba otopailoti imeacha kulinda kimo, wakaua watu 101. Dawa iliyopatikana ni mafunzo yanayomtaka mdogo aseme, na yanayomtaka mkubwa asiendelee mpaka aitikiwe.

Addis Ababa ilionyesha upande wa pili. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuruka. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Safari hii aliyeingia bila hodi alikuwa mashine: programu ya kushusha pua, iliyotegemea kihisio kimoja tu, na iliyoandikwa ifanye kazi pale otopailoti inapokuwa imezimwa. Marubani wa dunia hawakutajiwa kwamba ipo hadi ndege nyingine ya aina hiyo ilipoua watu 189 Indonesia miezi minne na nusu kabla. Kihisio kilipodanganya juu ya Addis, programu ilisukuma pua chini tena na tena. Wakati huo ototrotoli ilikuwa bado imeshikilia nguvu za kuruka. Ndege ikapita kikomo cha mwendo wake, na marubani walipokata umeme wa mtambo ule ili wageuze gurudumu kwa mkono, msukumo wa hewa ulikuwa mkubwa mno. Gurudumu halikuzunguka.

Ndege hizo zilizuiwa kuruka, na Marekani ilizirudisha angani baada ya miezi 20. Zilirudi na programu inayolinganisha vihisio viwili na kusukuma mara moja tu, na marubani wanaofundishwa kuihusu. Air Tanzania ilipokea 737 MAX yake ya kwanza mwaka 2023.

Kwa hiyo swali la kijiweni, kwamba nani anaiendesha ile ndege inayopita, haliwezi kujibiwa kwa neno moja, rubani au kompyuta. Usukani unapohama kati ya rubani na rubani, sentensi ni mbili: mmoja anasema nakuachia, mwingine anasema nimepokea, na kabla ya hiyo ya pili wa kwanza haachii. Wapagazi wa Kariakoo wanaopokezana gunia kutoka juu ya lori wanaijua kanuni hiyo bila kusomea urubani. Aliye juu habandui vidole mpaka asikie kutoka chini: "Nimeshika."