Mliona Boma Lolote?

Ploti ilikuwa ya Mike. Alisema tukienda watu wanne mafuta hayatauma mtu, kwamba Mombasa kila mtu ameenda, na kwamba Kericho na Bomet kuna kijani ambayo haihitaji filta. Mimi nilikubali kwa sababu ya chakula. Tangu niache chuo nikiwa mwaka wa tatu naishi kwa kuandika makala za kulipwa kwa neno, na mtu akikuambia kuna nyanya wa rafiki mwenye mursik ya bure, unaingia kwenye gari kwanza, maswali baadaye.

Nyanya mwenyewe alikuwa wa Chela. Huko kwao nyanya anaitwa kogo, kwa hivyo kufikia Rironi sote tulikuwa tunasema Kogo kana kwamba ni wetu.

Tulitoka Nairobi Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, ndani ya Probox ya mjomba wa Mike. Kwenye mteremko wa kushuka Mai Mahiu tulisimama kununua mahindi choma na kuangalia Bonde la Ufa likipata mwanga. Huko chini kuna kikanisa kidogo kando ya barabara, kilichojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, walewale waliokuwa wakichimba barabara hiyo. Nilipowaambia hivyo Shiro aliacha kutafuna.

"Kwa hivyo hii barabara tunatumia tu hivi ni ya wafungwa?"

"Si unaona ilivyonyooka," Mike akasema, na tukacheka.

Narok tulikunywa chai ya maziwa na chapati mbili mbili. Baada ya hapo ni mashamba ya ngano, upepo, ng'ombe, hadi Mulot. Pale unavuka mto Amala na kuingia Kaunti ya Bomet, na nchi inabadilika. Nyumba zinaanza kukaribiana. Kila ploti ina mahindi kidogo, ng'ombe wawili wa maziwa wamefungwa, mti wa parachichi, kamba ya nguo. Ukipanda kuelekea Silibwet unaanza kuona chai, lakini chai ya nyumbani, inayofika hadi mlangoni. Mama mmoja alikuwa anachuna na mtoto mgongoni, akasimamisha kazi kutupungia mkono.

Mjini Bomet tulikula chakula ambacho bado nakifikiria: kimyet, yaani ugali, ya wimbi, nyeusi na nzito, na managu yaliyopikwa kwa maziwa, na kuku wa kienyeji ambaye alikuwa ameishi maisha yake yote bila haraka. Mursik ilikuja kwenye kikombe kikubwa. Kama hujawahi kuinywa: ni maziwa yaliyolala siku kadhaa ndani ya kibuyu kiitwacho sotet, ambacho ndani kimesuguliwa kwa kaa la mti wa senetwet. Kaa ndilo linaloacha zile nukta za kijivujivu na ladha ya moshi. Mike alimeza kama soda akakunja uso. Dada wa hoteli akamwambia kwa upole, "Polepole, kaka. Hiyo si dawa."

Tulipitia maporomoko ya Tenwek, mahali maji ya mto Nyangores yanaporuka mwamba kabla ya kwenda kukutana na Amala na kuwa mto Mara. Maji hayohayo huzungusha mitambo ya umeme wa hospitali ya Tenwek. Tukaloa, tukapiga picha, tukaendelea. Kaplong tukakata kulia, tukapita Kapkatet na Litein, chai ikiongezeka kila kilomita, bado imechanganyika na mabati na watoto na kuku.

Halafu, karibu na mji wa Kericho, watu wakaisha.

Sijui niseme vipi vizuri zaidi. Chai ilibaki, tena nzuri zaidi, imepunguzwa sawasawa kama nywele za mtu aliyetoka kinyozi, kilima baada ya kilima, hadi inakutana na mawingu. Hakuna ua. Hakuna mahindi. Mbali kabisa unaona safu ya vijumba vya wafanyakazi vinavyofanana vyote, na njia nyekundu zinazopita kati ya majani. Mike alisimamisha gari. Tulipiga picha mpaka simu ya Shiro ikazima. Ile moja niliyopigwa nimeipa mgongo kamera, mikono imeinuliwa, ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Chela hakushuka. Alisema mvua inakuja, na kweli saa tisa mvua ya mawe ikaanza kupiga bodi ya Probox, kama inavyofanya Kericho karibu kila wakati unapodhani hali ya hewa ni nzuri.

Kogo anakaa kwenye kiploti kidogo nje ya mji, nyumba ya mabati ya vyumba viwili. Tulimsalimia "Chamgei!" kwa lafudhi mbaya akacheka hadi akashika mlango. Alitupa mursik, iliyokuwa laini kuliko ya hoteli, kisha akaomba kuona picha zetu. Aliziangalia moja moja, simu ameishika mbali na macho. Akauliza kitu kwa Kipsigis. Chela akakaa kidogo kabla ya kutafsiri.

"Anauliza, huko ndani mliona boma lolote?"

Tukasema hapana, Kogo, hakuna.

"Kulikuwa," akasema, kwa Kiswahili.

Mimi nilipenda historia shuleni. Nilijua habari za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliyepigwa risasi na Meinertzhagen Oktoba 1905 alipokuja kwa mazungumzo ya amani. Sikujua kwamba mwaka huohuo jeshi la Waingereza liliwavamia Wakipsigis wa upande wa Sotik, tulikotoka kupita mchana tukiimba. Wala sikujua habari za Kipchomber arap Koilegen, nduguye Koitalel, aliyekuwa kiongozi wa kiroho huku Kericho hadi mwaka 1914, wakoloni walipomkamata na ndugu zake wawili na kuwapeleka uhamishoni. Hawa wote walikuwa wa ukoo wa Talai. Na Kogo, Chela alisema akiangalia kikombe chake, ni Talai pia. Tumekuwa marafiki miaka minne. Hakuwahi kutaja.

Hadithi ya ardhi yenyewe ni fupi na inauma. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 katika nchi ya Wakipsigis, ikawapa maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa vitani. Walikuja kupanda kitani, ule mmea wa nyuzi za kufumia nguo. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa ndani ya miaka michache. Sasa hapo ndipo mtu angedhani ardhi inarudi kwa wenyewe. Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yaliingia. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilikuwa imeruhusu mlowezi apewe ardhi kwa miaka 999. Hesabu mwenyewe: mkataba wa wakati huo ungeisha mwaka wa 2900 na kitu. Mwafrika mwenye kilima hicho aliweza kubaki kama kibarua. Kupanda chai yake mwenyewe ya kuuza, hadi miaka ya 1950, hakuruhusiwa.

Ndiyo maana Bomet na Kericho hazifanani ukiwa barabarani. Zile chai za mlangoni ni watoto wa mabadiliko ya baadaye: mpango wa Swynnerton wa 1954 ulioanza kuwafungulia wakulima wadogo mazao ya biashara, kisha KTDA mwaka 1964. Mama aliyetupungia mkono anachuna chai yake, anapeleka kituoni, na kila mwaka analalamika kuhusu bonasi kama kila mkulima wa KTDA. Lakini ana boma. Zulia la Kericho limenyooka kwa sababu mtu alikunja kila kitu kilichokuwa juu yake kwanza.

Wakipsigis walisukumwa kwenye maeneo waliyotengewa. Kwa Talai ilikuwa zaidi ya hapo. Serikali iliwaona kama wachochezi, ikawalaumu kwa wizi wa mifugo ya walowezi, na mwaka 1934 ikatunga sheria mahsusi ya kuondoa ukoo mmoja. Sheria yenyewe iliwaita laibon, neno lililotoka kwa Wamaasai. Rudia kusoma hapo. Haikuwa sheria ya kumshtaki fulani kwa kosa fulani. Kosa lilikuwa kuzaliwa. Watu wapatao 700, wazee na watoto wachanga pamoja, walihamishwa hadi Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Watu wa milimani, wa baridi na maziwa, walipelekwa kwenye joto, malaria na mbung'o.

Kogo alizaliwa huko. Anachokumbuka ni vitu vidogo. Kwamba mama yake alikuwa na sotet lakini hakuna ng'ombe, kwa sababu ng'ombe walikufa. Kwamba alikitunza kibuyu hicho kikavu, akikisugua kwa kaa mara kwa mara, miaka na miaka, bila maziwa ya kutia. Kwamba watoto waliambiwa nyumbani kuna mahali mvua inanyesha mawe, na wao wakadhani ni hadithi ya kuwalaza.

Waliachiliwa kurudi mwaka 1962, uhuru ukikaribia. "Tulikuja, nikaona mvua ya mawe," Kogo alisema. "Nikajua mama hakudanganya." Lakini mahali pa boma lao palikuwa na majani chai. Babake hakupata hata ekari moja. Aliajiriwa kuchuna, kwa kilo, kwenye kilima ambacho mama yake Kogo angeweza kukuonyesha mahali jiko lilipokuwa.

Shiro alikuwa analia wakati huu, kimya kimya. Mike aliuliza kile ambacho kila mtu huuliza: "Na sasa? Hakuna kitu kinaweza kufanyika?"

Kuna vitu vimefanyika. Katiba ya 2010 ilizipunguza zile karne: asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya kwa zaidi ya miaka 99. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliamua kwamba Wakipsigis na Talai walitendewa dhuluma ya kihistoria, na makampuni ya chai yakaenda kortini kupinga. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliikosoa Uingereza kwa kukataa kuwajibika. Mwaka 2022 kesi ilipelekwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Oktoba 2023 Mfalme Charles alikuja Kenya, akazungumza kuhusu huzuni na majuto, hakuomba msamaha. Wakati huohuo mashamba yamekuwa yakibadilisha mikono: Unilever, waliorithi Brooke Bond, waliuza biashara yao kubwa ya chai mwaka 2022, na mwaka uliofuata James Finlay wakatangaza kuuza mashamba yao ya Kenya kwa kampuni ya Sri Lanka. Mei 2023 vijana wa Kericho walichoma mashine za kuchuna chai, kwa hofu kwamba hata ile kazi ya kilo, kitu pekee zulia liliwahi kuwapa, inaondoka.

Chela alimtafsiria Kogo swali la Mike. Kogo akajibu kwamba yeye hataki shamba lote la Mzungu. Anataka mahali pa kuzikwa ambapo pana jina la watu wake.

Jumapili mchana, kabla ya kurudi, tulikula kwenye gurdwara ya Kericho, ile iliyojengwa kumkumbuka Baba Puran Singh, Kalasinga aliyeishi na kufanya kazi katika mji huu. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa, unaletewa chapati, dengu na chai, na huulizwi wewe ni nani wala wa ukoo gani. Hulipi. Chela alikula sahani mbili. Hatukuongea sana.

Tulirudi kupitia Londiani na Nakuru. Mike alisimama tena kwenye ukingo wa mashamba, kwa mazoea tu. Safari hii Chela alishuka. Alitembea hatua chache hadi mstari wa kwanza wa chai, akachuma majani mawili na ncha yake, akayafunga kwenye tishu, akarudi kwenye gari.

Ile picha yangu ya mikono juu sikuiposti. Sikuifuta pia. Kuna kilima kimoja nyuma yangu, upande wa kushoto, na kila nikiifungua naipanua pale, naangalia mahali jiko lingekaa.