Dhahabu ya Kakamega: 'Milele' iliyodumu miaka miwili

Msafiri anayelala Pap Onditi ndani ya gari lake, godoro nyuma na jiko la gesi kando ya mlango, huamka akiwa na barabara mbili mbele yake, na zote mbili humfikisha kwenye dhahabu ya zamani. Akishika njia ya Kendu Bay na Homa Bay, kisha Rongo na Migori, atafika Macalder, katika eneo la Nyatike, ambako mgodi wa shaba na dhahabu ulifungwa 1966. Akishika ya Katito, Ahero na Kisumu, atapanda vilima kupitia Kiboswa na Mbale, apite Jiwe Linalolia la Ilesi, aingie Kakamega, mji uliowahi kuzungukwa na mahema ya wasaka dhahabu.

Barabara hii ya pili ndiyo yenye kesi ambayo haijaisha. Mwishoni mwa 2025, shughuli ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mpango wa kampuni ya Shanta Gold wa kuchimba Isulu na Bushiangala, huko Ikolomani katika kaunti ya Kakamega, ilikumbwa na vurugu. Kilichowachoma watu ni ardhi: nani ahame, aende wapi, alipwe nini. Maswali hayo waliyauliza babu zao zaidi ya miaka 90 iliyopita, na jibu walilopewa linafaa kukumbukwa sasa.

Mwanzo wa mbio za dhahabu unajulikana. Mwaka 1931, L. A. Johnson, mkulima Mmarekani wa Turbo, alipata dhahabu karibu na Kakamega, katika wilaya iliyoitwa wakati huo Kavirondo Kaskazini. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeangusha bei ya mahindi na kahawa, nzige walikuwa wameshambulia mashamba, na masetla wengi walikuwa wamezama katika madeni. Mwanajiolojia Sir Albert Kitson alikuja 1932 kukagua, na ripoti yake ikawatia watu moyo. Mamia ya Wazungu wakamiminika na sururu na makarai, wakapiga mahema na kujenga vibanda vya nyasi. Vigingi vya mipaka vikasimikwa na mitaro ikachimbwa katika mashamba ya watu.

Mashamba hayo yalikuwa na sheria ya kuyalinda, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya amana ya ardhi za Waafrika. Ilitamka kwamba maeneo yaliyotengewa wenyeji yatakuwa yao milele. Kipande chochote kikichukuliwa kwa manufaa ya umma, ardhi nyingine ya ukubwa na thamani sawa ilipaswa kutolewa badala yake, na baraza la wenyeji lilipaswa kuarifiwa kwanza. Wazee waliokuwa wameona ardhi za jirani zao zikigeuka mashamba ya masetla waliambiwa kwamba safari hii neno la serikali ni thabiti.

Dhahabu ilipoonekana, neno hilo likageuka. Mnamo Desemba 1932 Baraza la Kutunga Sheria jijini Nairobi lilirekebisha sheria hiyo haraka haraka. Sharti la kutoa ardhi mbadala likaondolewa kwa ardhi ya migodi, fidia ikawa fedha, na wajibu wa kushauriana na baraza la wenyeji ukafutwa. "Milele" ilikuwa imedumu miaka miwili. Gavana alikuwa Sir Joseph Byrne, na waziri wa makoloni aliyeridhia jambo hilo London alikuwa Sir Philip Cunliffe-Lister.

Kelele zikavuka bahari. Mapema 1933 suala la Kakamega likajadiliwa katika Bunge la Uingereza. Lord Lugard, aliyewahi kuwa gavana wa Nigeria na ambaye hakuna angeweza kumwita adui wa himaya, alipinga. Askofu Mkuu wa Canterbury naye alipinga. Huku kando ya Ziwa Victoria, Achidikoni Walter Edwin Owen wa kanisa la Anglikana, mlezi wa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo kilichowakutanisha Waluo na Waluhya, aliandika barua kali kwa magazeti ya Uingereza. Jomo Kenyatta, aliyekuwa Ulaya wakati huo, naye aliandika makala kuhusu kinyang'anyiro hicho. Hofu ya kunyang'anywa ardhi ikachangia kuzaliwa kwa North Kavirondo Central Association, moja ya vyama vya mwanzo vya siasa vya Waluhya.

Serikali haikurudi nyuma, na marekebisho yakabaki.

Mwanahistoria Priscilla Shilaro, katika kitabu chake cha 2008 kuhusu mbio za dhahabu za Kakamega, anaiita ahadi ile ya utajiri wa dhahabu Eldorado iliyoshindwa, na jina hilo linastahili. Miamba ilitoa dhahabu kidogo kuliko matumaini yaliyotangazwa. Wasaka dhahabu wengi wakakunja mahema. Mgodi mkubwa wa Rosterman, kilomita chache kutoka mjini, ukaendelea hadi ulipofungwa 1952. Wenyeji hawakupoteza nchi yao yote, lakini kilichowaokoa ni uchache wa dhahabu. Sheria ilikuwa imekwisha kuwatupa mkono.

Msitu nao ulitoa sadaka. Miti ya msitu wa Kakamega ilikatwa kwa mbao za kushikilia mashimo ya migodi. Anayeegesha gari lake Isecheno na kupanda kilima cha Lirhanda kwa miguu atakuta humo handaki la zamani la dhahabu ambalo sasa limekuwa makao ya popo. Juu ya kilima, siku isiyo na mawingu, ataona msitu umetanda chini yake na ukingo wa Nandi kwa mbali. Safari nzima haina mahali pengine panapoonyesha historia hii wazi kama hapo.

Rosterman leo ni mtaa wa watu. Wachimbaji wadogo bado husaga mabaki ya mawe yaliyoachwa na Waingereza, wakikamata chembe za dhahabu kwa zebaki, sumu inayoingia mikononi mwao na katika maji. Macalder hali ni hiyo hiyo. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji hawa na kupanga mgao wa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii.

Serikali za kaunti za Kakamega na Migori zinapaswa kuzungushia uzio mashimo ya zamani yaliyo wazi, kuandika historia yake kwenye vibao hapo hapo, na kuifundisha shuleni. Wanaojadili Ikolomani leo, wawe wa kampuni, wa serikali au wenyeji, waisome kwanza rekodi ya Desemba 1932 kabla ya mtu yeyote kutia saini. Na ahadi yoyote itakayotolewa kuhusu ardhi iandikwe kwa namna ambayo kikao kimoja cha Nairobi hakiwezi kuifuta.