Mashine Isemayo na Siri ya Meza

Zamani, mtu asiyejua kusoma wala kuandika alipotaka kupeleka habari kwa ndugu aliye mbali, alimwendea mwandishi wa barua. Alimweleza haja yake, naye mwandishi akaitia katika maneno yaliyopangika. Kwa kazi hiyo mwandishi alijua madeni ya watu, maradhi yao, ugomvi wa ndoa zao na mashauri ya jamaa zao. Ujira wake ulikuwa mdogo, lakini amana yake ilikuwa kubwa. Wahenga walisema, siri ya mtungi muulize kata. Na mwandishi wa barua alikuwa kata ya mitungi mingi.

Siku hizi mwandishi wa namna nyingine amewekwa ndani ya kompyuta za ofisi na za vyuo. Mtu akifungua programu ya kuandikia, ya kupangia hesabu, au ya kutungia programu nyingine, aona pembeni nafasi ya kuuliza kwa lugha yake ya kila siku, na mashine humjibu. Wengi hudhani kwamba jambo hili lilizaliwa mwaka wa 2022. Sivyo. Historia yake ni ndefu zaidi, na yafaa isomwe, kwa sababu swali lililo zito leo liliulizwa tangu mwanzo. Swali hilo si kama mashine yaweza kusema, bali ni nani asikiaye tunaposema nayo.

Joseph Weizenbaum alizaliwa Berlin mwaka wa 1923 katika nyumba ya Kiyahudi. Mwaka wa 1936 jamaa zake waliukimbia utawala wa Hitler wakahamia Marekani, na baadaye akawa mwalimu katika chuo cha MIT. Kati ya mwaka wa 1964 na 1966 alitunga programu aliyoiita ELIZA, kwa jina la msichana aliyefundishwa kusema kiungwana katika mchezo wa Bernard Shaw uitwao Pygmalion. Katika sura yake iliyojulikana zaidi, ELIZA iliiga tabibu wa maradhi ya nafsi. Haikuwa na elimu yoyote. Ilitafuta neno kuu katika sentensi ya mtu, ikaigeuza sentensi ile kuwa swali, ikamrudishia mwenyewe. Mtu akimtaja mama yake, ilimwomba aeleze zaidi habari za jamaa zake. Na ilipokosa neno la kushika, ilimwambia aendelee.

Weizenbaum alitaka kuonyesha jinsi mazungumzo hayo yalivyokuwa ya juujuu. Yaliyotokea yalimshangaza. Katika kitabu alichotoa mwaka wa 1976 alisimulia habari za karani wake, mwanamke aliyemwona akiitengeneza programu ile kwa miezi mingi, na ambaye alijua vema kwamba haikuwa mtu. Karani huyo alianza kuzungumza nayo, na baada ya maneno machache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Alisimulia na jambo la pili, ambalo halitajwi sana lakini kwangu mimi lina uzito kupita la kwanza. Siku moja alifikiri kuyahifadhi mazungumzo yote ya watu na mashine ili ayachunguze baadaye. Mara alishutumiwa kwamba ataka kupeleleza mawazo ya ndani ya wenziwe.

Hapo twaona mambo mawili yamekutana. Mtu huifungulia mashine moyo wake kwa kudhani kwamba hapana asikiaye. Kumbe mashine ina mwenyewe, na mwenyewe aweza kusikia. Kompyuta ya siku zile ilikuwa kubwa, ikitumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mtumiaji alikaa mbele ya taipu iliyounganishwa nayo kwa waya. Maneno yake hayakubaki mezani, bali yalikwenda mahali pengine.

Kompyuta ndogo zilipoenea, hasa baada ya kampuni ya IBM kutoa yake mwaka wa 1981, hali ilibadilika. Programu na maandishi vilikaa pamoja katika sanduku moja juu ya meza. Mtu aliyefunga mlango wa chumba chake aliweza kusema kwa haki kwamba amefunga na maandishi yake.

Katika zama hizo mashine isemayo iliingia mezani kwa mara ya kwanza, nayo ikaingia vibaya. Mwishoni mwa mwaka wa 1996 kampuni ya Microsoft ilitoa Office 97, na ndani yake msaidizi aliyechorwa kwa umbo la kibanio cha karatasi chenye macho. Wataalamu wa chuo cha Stanford, Clifford Nass na Byron Reeves, walikuwa wameonyesha kwamba watu huitendea kompyuta kama wamtendeavyo binadamu. Basi ilionekana ni vema kompyuta ipewe sura. Lakini anayepewa sura ya mtu hutazamiwa na adabu za mtu. Kibanio kile kilipoona dalili za barua kilijitokeza kuuliza kama mwandishi ataka msaada, naye alipokataa leo, kesho kilimwuliza tena. Mwaka wa 2001 kampuni ilikizima, ikamwachia atakaye akiwashe. Na katika Office ya mwaka wa 2007 kiliondolewa kabisa. Watu wakakicheka. Hata hivyo mwanahistoria yampasa kutenda haki. Kibanio kilikuwa mgeni asiye na adabu, lakini hakikuwa mchongezi. Kazi yake ilifanyika ndani ya kompyuta ile ile, na barua iliyokuwa ikiandikwa haikutoka mezani kwa ajili yake.

Ufasaha uliokosekana wakati ule ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka wa 2017 watafiti wa Google walieleza muundo mpya wa kuifunza mashine lugha, na kutokana na muundo huo zikatokea modeli zilizofunzwa kwa maandishi mengi mno. Katika mwaka wa 2020 kampuni ya OpenAI ilitangaza GPT-3, yenye vigezo bilioni 175, ikafungua njia ili programu za watu wengine ziweze kuiuliza. Mwaka wa 2021 GitHub Copilot iliwekwa ndani ya zana za watunga programu. Tarehe 30 Novemba 2022 ChatGPT ilitolewa kwa watu wote, na tarehe 16 Machi 2023 Microsoft ikatangaza kwamba msaidizi wa namna hiyo ataingia katika programu zake za kuandikia, za hesabu na za barua. Mahali pa kile kibanio palipata mwenyeji mpya.

Msomaji atauliza, mwenyeji huyu huingizwaje? Anayetengeneza programu ya mezani si lazima awe na modeli yake. Hupewa ufunguo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu wa kumtambulisha. Mtumiaji akiuliza, programu hufunga kitu kama bahasha, ikatia ndani yake maagizo ya mtengenezaji, mazungumzo yaliyotangulia, swali lenyewe, na aghalabu sehemu ya waraka ulio wazi. Bahasha hupelekwa kwa intaneti hadi kompyuta za mwenye modeli, na jibu hurudi kidogo kidogo kana kwamba laandikwa na mkono. Modeli yenyewe haikumbuki neno la awali. Kwa hiyo kila mara yapasa ielezwe habari upya tangu mwanzo. Modeli iliyofunguliwa kwa watunga programu mwezi wa Machi 2023 ilipokea vipande vya maneno 4,096 tu, swali na jibu pamoja, ikambidi mtengenezaji achague la kupeleka na la kuacha.

Jambo hili lastahili kuangaliwa sana. Mtumiaji aona mstari mmoja alioandika, lakini kilichotoka mezani kwake ni zaidi ya mstari huo. Barua iliyopelekwa ni ndefu kuliko barua aliyoitamka.

Matokeo hayakukawia. Mwishoni mwa Machi 2023 mamlaka ya Italia ya kulinda habari za watu ilizuia ChatGPT, ikairuhusu tena mwezi uliofuata baada ya marekebisho. Mwezi wa Mei kampuni ya Samsung iliwakataza watumishi wake kutumia zana za namna hiyo, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wameipa mashine siri za kazi. Hawakuwa wezi, walitaka kumaliza kazi upesi. Kwetu pia sheria za kulinda taarifa binafsi zimekwisha tungwa, Kenya mwaka wa 2019 na Tanzania mwaka wa 2022. Lakini sheria haikai juu ya meza ya karani anapoambatisha orodha ya wagonjwa au alama za wanafunzi.

Je, basi tuitupe zana hii? La hasha. Mwenye kuandika kwa lugha asiyoizoea, asiyeona vema, na mwanafunzi asiye na wa kumwuliza usiku, wote wapata faida ya kweli. Tena iko njia ya kati. Mwaka wa 2023 kampuni ya Meta ilitoa modeli yake iitwayo Llama kwa watafiti, na mwezi wa Machi Georgi Gerganov akatoa programu ya kuiendesha katika kompyuta ya kawaida. Modeli za namna hiyo aghalabu huwa ndogo na hudai kumbukumbu nyingi ya kompyuta, lakini maneno hubaki mezani.

Iwapo bahasha ni lazima itoke, liko jambo moja ambalo watengenezaji wa programu waweza kujifunza kwa mwandishi wetu wa zamani. Mwandishi mwaminifu hakuifunga barua mpaka amemsomea mwenyewe yote yaliyoandikwa ndani yake. Mwenye barua alisikia, akasema hili liondoe, lile liache. Kisha ndipo ikafungwa.