Kutoka Teletaipu hadi Chromebook: Miaka Sitini ya Somo la Kompyuta Katika Shule za Minneapolis na Saint Paul

Mwaka wa 1964 una mambo mawili ambayo watoto wetu wanafaa kuyajua pamoja. Tarehe 12 Desemba mwaka huo Kenya ilitangazwa kuwa Jamhuri, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru. Miezi saba kabla ya hapo, tarehe 1 Mei, wanahisabati wawili wa Chuo cha Dartmouth hapa Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz, walizindua lugha mpya ya kompyuta iitwayo BASIC. Waliitunga ili mwanafunzi yeyote, hata asiyesomea sayansi, aweze kuiamuru kompyuta. Kabla ya hapo mashine hizo zilikuwa za serikali, jeshi, vyuo na makampuni makubwa. Mwananchi wa kawaida hakuwa na usemi mbele yake.

Tunapoadhimisha Jamhuri mwaka huu, ni vyema tujue kwamba mji tunaoishi ni miongoni mwa ya kwanza duniani kuwapa watoto wa shule usemi huo. Na ni vyema pia tujue jinsi mji huo ulivyoachwa nyuma.

Twin Cities zilikuwa kitovu cha kompyuta kabla ya California kupata sifa. Mwaka 1946 kampuni ya Engineering Research Associates ilianza kazi Saint Paul, katika jengo lililokuwa kiwanda cha kuundia ndege zisizo na injini wakati wa vita. Mwaka 1957 baadhi ya wahandisi waliotoka humo walianzisha Control Data. Mmoja wao, Seymour Cray, alibuni CDC 6600, ambayo ilipotoka mwaka 1964 ilikuwa kompyuta yenye kasi kuliko zote duniani.

Mwaka 1965, walimu wa hisabati wa University High School, shule ya mazoezi ya Chuo Kikuu cha Minnesota, walileta teletaipu darasani. Kijana wa leo asidhani ilikuwa na skrini. Ilikuwa mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na simu. Mwanafunzi aliandika agizo, likasafiri kwa simu hadi kompyuta ya Dartmouth kule New Hampshire, na jibu likarudi likichapwa kwenye bunda la karatasi. Simu ya masafa marefu ilikuwa ghali, kwa hivyo ilibidi mtu ajue anachotaka kusema kabla ya kupiga. Teletaipu ilikuwa na utepe wa karatasi wa kutobolewa, na programu iliweza kutayarishwa humo mapema.

Gharama hiyo ilizaa jambo ambalo sisi tungeliita harambee. Hakuna shule iliyoweza kununua kompyuta peke yake. Mwaka 1967 wilaya kadhaa za shule za eneo hili ziliungana chini ya shirika moja, TIES, zikachanga fedha, zikatumia kompyuta kwa pamoja na kuwafunza walimu wao. Mwaka 1973 jimbo lenyewe likafuata mfano huo kwa kuanzisha Minnesota Educational Computing Consortium, maarufu kama MECC. Shule za mjini na za mashambani zikaanza kuifikia kompyuta ya pamoja kwa njia ya simu. Mtoto wa mkulima wa kaskazini aliweza kuandika programu sawa na mtoto wa Minneapolis.

Katikati ya miaka hiyo kulitokea jambo ambalo wazazi wengi Wamarekani wanalikumbuka hadi leo. Mwishoni mwa 1971, Don Rawitsch, mwanafunzi wa Carleton aliyekuwa akifanya mazoezi ya ualimu, alikuwa akifundisha historia katika darasa la nane la shule ya Jordan, kaskazini mwa Minneapolis. Mada ilikuwa safari ya wahamiaji waliokwenda magharibi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Wenzake wawili aliokuwa akiishi nao, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walikuwa wakifundisha hisabati na walijua BASIC. Kwa muda wa wiki mbili hivi waliandika mchezo, The Oregon Trail. Wanafunzi waliizunguka teletaipu, wakagawana kazi: huyu anaangalia ramani, yule anahesabu chakula na pesa, na mwenye vidole vyepesi anaandika BANG kwa haraka ili kupiga risasi. Rawitsch alipoajiriwa na MECC mwaka 1974 aliuingiza mchezo huo katika mfumo wa jimbo, na baadaye ukaenea nchi nzima.

Kisa hicho kinatugusa kwa njia mbili. Kwanza, kilikuwa kisa cha wahamiaji, ingawa mchezo ule wa mwanzo haukusema mengi kuhusu wenyeji ambao ardhi yao ilikuwa ikipitiwa. Pili, walioutunga hawakuwa magwiji wa kampuni yoyote. Walikuwa walimu vijana, nao waliutungia darasa lao.

Mwaka 1978 MECC ilichagua kompyuta ndogo za Apple II kwa shule za jimbo, wakati Apple yenyewe ilikuwa bado kampuni changa. Hapo mambo yakaanza kubadilika polepole. Kadiri mashine zilivyozidi kuingia madarasani zikiwa na programu zilizokwisha kuandikwa na wengine, ndivyo haja ya mwanafunzi kuandika yake ilivyopungua. Somo likawa kupiga chapa, kuandika insha na kucheza michezo. MECC nayo ikawa biashara. Iliuzwa kwa wawekezaji mwaka 1991, ikanunuliwa tena mwaka 1996, na mwaka 1999 ofisi zake zikafungwa. Ofisi hizo zilikuwa Brooklyn Center, mji ambao familia zetu nyingi zinauita nyumbani.

Matokeo yake yanashangaza. Ripoti ya kitaifa ya mwaka 2023 iliweka Minnesota ya mwisho kati ya majimbo yote 50 kwa kiwango cha shule za sekondari zinazofundisha misingi ya sayansi ya kompyuta. Chini ya thuluthi moja ya shule hizo zilikuwa na somo hilo. Mwaka huohuo bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kulifufua, pamoja na mpango wa kuwafunza walimu. Lakini sheria haimwandikishi mtoto darasani.

Hapa ndipo wazazi tunapohusika. Watoto wetu wengi wanapewa Chromebook na shule, nasi tunaridhika kwamba wanasoma kompyuta. Kupanda matatu kila siku hakumfanyi mtu fundi wa magari. Nyumbani Kenya somo hili tunalijua pia. Serikali ilipoanza kupeleka vifaa vya kidijitali kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016, watu wengi waliuliza swali lilelile: kifaa kipo, je, mafunzo yapo? Na wale miongoni mwetu waliofanya somo la kompyuta katika KCSE wanakumbuka kwamba karatasi ya tatu ilikuwa mradi. Mtahiniwa hakuulizwa tu anajua nini. Alitakiwa kuunda mfumo unaofanya kazi.

Basi tuulize. Shule nyingi za hapa huwaandikisha wanafunzi masomo ya mwaka ujao majira haya ya baridi. Mzazi na amuulize mshauri wa masomo: je, shule ina darasa la kuandika programu, au ni la kutumia tu? Kama halipo, kuna mpango wa PSEO, ambao tangu 1985 unawaruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma chuoni kwa gharama ya jimbo. Chuo cha North Hennepin kiko Brooklyn Park, karibu na wengi wetu. Na bodi za shule husikiliza wazazi wanaofika mikutanoni. Mmoja akienda peke yake anaweza kusahaulika. Wakienda ishirini, jambo linaingia kwenye ajenda, kama wilaya zile zilivyofanya mwaka 1967.

Nanyi vijana, mkisikia watu wakisema kompyuta ni mambo ya California, waambieni habari za teletaipu ya Minneapolis. Wenzenu wa rika lenu walikuwa wakiandika programu katika mitaa hii wakati hata simu ya nyumbani ilikuwa anasa kwa babu zenu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Heri ya Sikukuu ya Jamhuri.