Limfoma ya Burkitt: uvimbe wa taya kandokando ya Ziwa Victoria

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya chembe nyeupe za damu ambayo, katika ukanda wa Ziwa Victoria, mara nyingi hujitokeza kwanza kinywani mwa mtoto. Magego hulegea kabla ya wakati, ufizi huvimba, kisha shavu hutuna upande mmoja. Uvimbe unaweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mzazi hudhani ni jino bovu. Linang'olewa, na pengo, badala ya kufunga, huota nyama.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958. Mwaka 1961 alifunga safari ndefu ya gari kupitia Afrika Mashariki, akabaini kuwa unafuata maeneo ya joto na mvua, yaani yale yale ya malaria. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi walichokiona ndani ya chembe za uvimbe huo. Kirusi hicho na malaria ya kujirudia ndivyo vinavyolaumiwa leo.

Mkoani Mwanza, Tanzania, rufaa huishia Hospitali ya Bugando. Siklofosfamidi, dawa kuu, hupunguza uvimbe kwa kasi ya kushangaza, ila hushusha chembe za kinga. Ikiongezwa dawa nyingine, methotreksati, vidonda vya mdomo huzuka na mtoto hukataa hata uji. Kwa kuwa kinga imeshuka, jino haling'olewi kabla ya kupima damu. Kinywa husafishwa kwa mswaki laini, na mtoto husukutua kwa maji ya chumvi. Uvimbe ukinywea, baadhi ya meno yaliyolegea hukaza tena.